Mbwa Wako na Usingizi wa Jirani

Hotuba ya maafisa mifugo wa kata kwa wakazi, mkutano wa hadhara wa mtaa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mtendaji, wajumbe wa mashina, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana: Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo wote.

Mwenye mbwa akilalamikiwa, jibu lake la kwanza huwa, "Huyu ni mlinzi, kubweka ndiyo kazi yake." Tuanzie hapo hapo. Kazi ya mbwa wa ulinzi ni kutoa taarifa. Mtu akigusa geti, mbwa anabweka mara tatu, nne, mwenye nyumba anaamka, anachungulia, mbwa anatulia. Sasa yule anayebweka toka saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri, kwa kila bodaboda, kila paka na kila mbwa mwenzake wa mtaa wa pili, huyo hatoi taarifa yoyote. Mwenye nyumba mwenyewe ameshaacha kuamka. Siku mwizi akiruka ukuta kweli, kelele ni zile zile za jana na juzi, na hakuna atakayenyanyua kichwa. Kwa hiyo tunapoomba mbwa watulizwe, hatuombi nyumba ziachwe bila ulinzi. Tunaomba ulinzi urudi.

Na tuelewane kuhusu ukubwa wa kero yenyewe, maana wapo wanaodhani jirani anadeka. Mbweko wa mbwa mkubwa, ukipimwa mita moja kutoka mdomoni, hufika desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na wengine hupita hapo. Sauti hupungua ikisafiri, lakini polepole: kila umbali unapozidi maradufu, zinapungua kama desibeli 6. Mita 10 kutoka bandani bado ni kama 70, na nyumba zetu nyingi hazijaachana hata hizo mita 10. Dirisha la wavu, ambalo kwa joto la Dar es Salaam lazima liwe wazi, linapunguza desibeli 10 au 15 tu. Zinazobaki kitandani ni 55 mpaka 60. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti za ghafla chumbani usiku zisizidi 45. Banda likiwa kwenye uchochoro kati ya kuta mbili za tofali, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa saruji haumezi sauti, unairudisha. Humo chumbani kuna mtoto mchanga, kuna mzee mwenye presha, kuna muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na anatakiwa kulala mchana.

Kabla ya dawa tafuta sababu, na sababu ya mbwa kubweka mara nyingi inasikika kwenye namna anavyobweka. Anayelipuka ghafla, kisha akanyamaza mpita njia akishatoweka, huyo anaona njia kupitia geti. Anayerudia sauti ile ile, kwa mwendo ule ule, nusu saa nzima, huyo amechoshwa na kukaa peke yake. Anayelia kwa kuvuta sauti ndefu ametengwa na watu aliowazoea, au anaitikia king'ora, adhana au wenzake wa mbali. Mkiona madume sita yamejazana nje ya geti moja, yanapigana na kulia, ndani kuna jike lenye joto, yaani lililo tayari kupandwa, na bila hatua yoyote mtaa utakesha karibu wiki tatu. Mbwa mtulivu wa miaka yote akianza kelele ghafla, mwangalieni masikio, meno na miguu, maana maumivu humfanya mnyama apige kelele. Kama sauti yenyewe imebadilika, imekuwa ya kukwaruza, mate yanamdondoka na hawezi kumeza, msimguse hata kidogo. Fungeni geti mtupigie simu. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa.

Tukae kidogo kwenye mnyororo, maana kelele nyingi za mitaa yetu zinaanzia hapo. Utaratibu uliozoeleka ni mnyororo wa mita moja au moja na nusu, umefungwa kwenye shina la mwembe au nguzo ya kibaraza. Asubuhi mbwa anauzungusha mti mpaka unabaki sentimita 40. Katika kuzunguka amepiga teke sufuria la maji. Mwenye nyumba anarudi saa moja jioni. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja ya maji kwa siku, na zaidi ya hapo miezi ya joto kama Januari na Februari. Huyu amekaa saa 12 juani bila tone, hawezi kulala chini vizuri, na mnashangaa usiku halali. Isitoshe, mbwa aliyefungwa mfupi huwa mkali kuliko aliye huru, kwa sababu hana pa kukimbilia akiogopa. Mtoto akipita karibu, anang'atwa.

Kama lazima afungwe, mtandikieni waya. Simikeni nguzo mbili imara zilizoachana mita 10, mvute waya wa chuma wa milimita 5 au 6 katikati yake, juu kwa kimo cha mita 2. Pitisheni pete nene kwenye waya, na kwenye pete mfunge mnyororo mwepesi wa mita 2 na nusu, ili mbwa aweze kulala na kujigeuza. Katikati ya mnyororo na mkanda wa shingoni wekeni kile kiungo kinachozunguka, kinapatikana duka la vifaa vya ujenzi. Bila hicho mnyororo unajisokota na siku chache tu mbele umekuwa mfupi. Mita 2 kabla ya kila nguzo, baneni waya kwa vibanio ili pete isipite. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: bila kizuizi, mbwa anaifikia nguzo, anaizunguka, mmerudi mlikotoka. Na waya wote uwe angalau mita 3 kutoka ukutani. Mbwa akiruka ukuta akiwa na mnyororo, ananing'inia upande wa pili na kufa. Mkanda uache nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo. Shingoni msitumie kamba ya nailoni wala waya. Unakata ngozi taratibu chini ya manyoya na mnakuja kugundua kwa harufu ya kidonda.

Lililo bora kuliko waya ni uzio mzima na mbwa aliyeachiwa ndani yake geti likishafungwa. Mbwa mrefu wa aina ya shepadi anahitaji ukuta wa mita 1.8 kwenda juu. Chini ya geti zibeni, maana mbwa wetu wengi wa kienyeji hutoka kwa kuchimba. Geti la nondo lifunikeni kwa bati au mbao kimo cha mita 1.2 kutoka chini. Ni kazi ya saa mbili, na kwa mbwa anayebwekea wapita njia hakuna kitu chenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hicho. Bado atasikia na kunusa, ila hatakuwa na kila mpita njia machoni.

Banda nalo lisiegeme ukuta wa chumba cha jirani. Mlango wake uelekee ndani ya uwanja. Sakafu ya mbao inyanyuliwe sentimita 10 au 15 ili maji ya mvua za masika yapite chini. Bati tupu juu ya banda huchoma mchana; tandazeni makuti juu yake au lisogezeni kivulini. Upana unatosha mbwa akiweza kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha.

Halafu kuna ratiba. Mtembezeni nusu saa jioni jua likishapoa, na mtu mzima ndiye ashike kamba. Akirudi apewe maji, baadaye kidogo chakula kikuu cha siku: ugali wa dona na dagaa, au mchele chenga na vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kutolewa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo. Mbwa aliyetembea, akanywa na kushiba saa mbili usiku analala. Aliyelala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya anaamka mnapolala.

Kumfundisha kunyamaza kunawezekana hata kwa mbwa mzima. Mwache abweke mara mbili tatu, nendeni mkaangalie alichokiona, kwa sababu huenda yuko sahihi. Kisha mwambieni neno moja, "basi," kwa sauti ya kawaida, mkimsogezea dagaa puani. Hawezi kunusa na kubweka kwa wakati mmoja. Akinyamaza sekunde tatu, mpeni. Kesho ngojeeni sekunde tano, kisha kumi, kisha nusu dakika, mpaka afike dakika moja na zaidi. Mfanye hivyo mara chache kila jioni kwa wiki tatu au nne, na nyumba nzima itumie neno hilo hilo. Baba akisema "basi," mama "nyamaza" na vijana "kimya wewe," mbwa haelewi lolote. Kupiga kelele dirishani kunamzidishia, maana anachokisikia ni kwamba na wewe umejiunga naye. Anayebweka ili mtoke mumpe chakula, mkiacha kutoka, siku za mwanzo atazidisha. Hapo wengi hukata tamaa na kutoka, na mbwa anajifunza kwamba akibweka zaidi atapata. Vumilieni, na majirani waambieni mapema kwamba wiki hiyo itakuwa na kelele.

Msimfunge mdomo usiku kucha. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili kama letu. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mdomo uliofungwa kwa kamba katika joto hili unaweza kumuua kabla hakujapambazuka. Kumchapa baada ya tukio hakumfundishi kitu, kwa kuwa haunganishi fimbo na mbweko wa dakika kumi zilizopita. Anaiunganisha na wewe.

Tumemaliza kelele. Sasa jambo la pili, usafi, na tunaomba wenye mbwa walipokee kwa uzito wake. Tunaishi pwani. Waislamu wengi hapa wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kilichorambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fikirieni nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uani mmoja, maji yananunuliwa kwa ndoo, na mbwa wa mpangaji wa chumba cha kwanza anapitisha ulimi kwenye sufuria la mpangaji wa chumba cha nne, au anajikung'uta akiwa amelowa karibu na mkeka wa kuswalia. Mama yule hajachukizwa kwa sababu anamchukia mbwa wenu. Mmemwongezea kazi, gharama na wasiwasi kwenye ibada yake. Kwa hiyo uani wa pamoja si mahali pa kuachia mbwa. Wala kibarazani kwa mwenzako, wala chini ya kamba ya nguo, wala njia ya msikitini alfajiri, ambako mtu ametia udhu na anatembea gizani. Mpangaji anayetaka kufuga aongee kwanza na mwenye nyumba na wapangaji wenzake, kabla mbwa hajaletwa.

Kinyesi kiokoteni kila siku, kwa koleo au mfuko uliogeuzwa kama glovu, na mkitie kwenye choo cha shimo au mkifukie sentimita 30 chini, mbali na kisima. Kukitupa mtaroni ni kumpelekea jirani wa bondeni. Sababu ya kusema kila siku ni hii: mayai ya minyoo ya mviringo yaliyomo huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo anayeokota kila siku anaikata njia hiyo kabisa. Viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa vina haraka zaidi, hupenya ngozi ya miguu peku na kuacha ule mstari mwekundu unaotambaa na kuwasha, ambao kina mama wengi hapa wameuona kwenye nyayo za watoto. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya umri, kila wiki mbili mpaka wiki ya 12. Mbwa mkubwa, kila miezi mitatu. Kipimo kinategemea uzito, kwa hiyo msikadirie kwa macho, waleteni wapimwe.

Uzazi ndio mama wa mbwa koko. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa sita au nane kwa mpigo. Nani hapa ana majirani wanane wanaotaka mbwa? Wanaishia jalalani na machinjioni, na wakishakua ndio wale wanaotembea kwa makundi alfajiri. Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike hufanywa na daktari wa mifugo kwa dawa ya usingizi, kuanzia umri wa miezi sita hivi. Mbwa aliyehasiwa bado analinda. Hangaiko la kutoroka na kupigania majike ndilo linalopungua.

Kichaa cha mbwa tutakisema kwa kifupi ila tusikilizane. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, mkizihesabu kwa kuangalia saa. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zilizopangwa zimalizwe. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira. Akiwa anaweza kufungiwa kwa usalama, afungiwe na tumwangalie siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi mateni siku alipong'ata. Ila chanjo ya mtu haisubiri siku hizo 10. Ili ugonjwa usisambae, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe na chanjo. Wenzetu wa Pemba waliukata kwa njia hiyo, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena na kuukata mwaka 2018. Inawezekana.

Kwa upande wa mnaolalamika. Andikeni kwanza. Daftari, wiki mbili: tarehe, saa alipoanza, saa aliponyamaza, kulikuwa na nini. Rekodini dakika moja kwa simu. Usiku mbwa wanaitikiana na ni rahisi sana kumshutumu asiyehusika. Daftari linawaokoa na aibu hiyo, na pia linatuonyesha sababu. Kelele zikiwa kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi baada ya mwenyewe kuondoka, tumeshajua ni upweke. Kisha mwendeeni mwenye mbwa mchana, mbishe hodi kwa amani. Msiende saa tisa usiku mkiwa na hasira. Wengi kweli hawajui, kwa sababu mbwa anabweka wakati wao hawapo. Mwambieni mnachotaka kiwe kitu cha kufanyika: banda lihamishwe upande wa pili, geti lizibwe. "Mnyamazishe mbwa wako" haina pa kushika. Mpeni wiki tatu.

Asiposikia, nendeni kwa mjumbe, kisha Mwenyekiti na Mtendaji, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa, na siku ya kuyakagua iwe imetajwa. Sisi na afisa afya tutakuja kuangalia banda tukiitwa. Kero kwa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na halmashauri ina sheria ndogo zake. Lakini mnaishi ukuta kwa ukuta, na jirani mliyempeleka mbele ya sheria mtaendelea kuonana naye bombani. Anzeni na hodi.

Sumu, hapana. Nyama ya sumu iliyotupwa juu ya ukuta haimchagui mbwa anayebweka. Inaokotwa na paka, na kuku, na kunguru anayeidondosha uwanja mwingine, na mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Mbwa mwenyewe anakufa kwa mateso makali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama. Ukishatupa ile nyama, kelele umeimaliza kwa wiki mbili, mpaka aletwe mtoto wa mbwa mwingine afungwe kwenye mwembe ule ule. Mawe pia acheni. Mbwa anayerushiwa mawe kila akipitiwa hujifunza kwamba wapita njia ni hatari, na anazidi kuwabwekea.

Jumamosi hii tutachanja hapa hapa ofisi ya mtaa, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa sita. Mbwa aletwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumshika, asitumwe mtoto. Kila mbwa na mshikaji wake, kwenye foleni muachane mita mbili, kwa sababu mbwa wakitazamana puani wanapigana. Watoto wa mbwa waje pia, wa umri wowote. Mwenye kadi ya mwaka jana aje nayo, na asiye na kadi ataandikiwa mpya. Mbwa mkali asiyeshikika abaki nyumbani, na mwenyewe aje kutuambia. Paka waletwe ndani ya kapu lenye mfuniko uliofungwa kamba, msiwabebe mikononi. Paka akimwona mbwa wa kwanza hamtamwona tena siku hiyo. Majike wenye joto msiwalete kabisa kwenye foleni. Andikisheni jina kwa mjumbe wenu, tutawafuata nyumbani mchana.